Mama Aliyeufuata Msafara

Somo letu latoka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 10.

Hapo twamwona mamaye Musa, ambaye mbele kidogo aitwa Yokebedi. Alimweka mwanawe katika kisafina kando ya mto, kwa kuwa Farao aliamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe. Kisha akarudishiwa mtoto yule yule, amnyonyeshe kwa mshahara wa binti Farao. Twapenda kulisimulia jambo hili kwa furaha. Lakini hebu tulitazame vema. Nyumba ile ilikuwa bado nyumba ya watumwa, na mtoto alikuwa kama wa kuazimwa. Alipokua, mama alimpeleka kwa binti Farao, akarudi mikono mitupu.

Mambo ya namna hii yalitokea hata huku kwetu Afrika. Watu wa Pate waujua upepo wa kusi, usukumao vyombo kwenda kaskazini. Katika karne ya 19, majahazi yaliyochukua watumwa kwenda Arabuni yalipita pwani hiyo kwa upepo huo huo. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini kabla ya hapo watoto wengi walikwisha kupita.

Mmoja wa watoto waliofikishwa pwani ni Swema, binti wa Kiyao. Habari zake ziliandikwa na mapadre Wakatoliki wa Unguja katika miaka ya 1860, zikachapishwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake aliuawa na simba. Mama akabaki mjane, akakopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua Swema, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 10, akamwuza kwa wenye msafara waliokuwa wakishuka pwani.

Mama hakuwa na kitu cha kumkombolea mwanawe. Basi akafanya lile aliloliweza. Aliwaendea wale wageni akawasihi wamchukue na yeye, awe mtumwa na kubeba pembe za ndovu, mradi asitengwe na mtoto. Wakakubali. Hivyo mama na mwana wakawa pamoja tena, wote wawili mikononi mwa wageni.

Hawakukaa pamoja siku nyingi. Njiani mama aliishiwa nguvu, na alipoonekana hafai tena kwa mzigo, akanyimwa chakula. Swema akawa akimgawia chake. Mwisho msafara ulimwacha mama nyuma, na mtoto akasukumwa mbele kwa fimbo. Akafikishwa Kilwa, akavushwa hata Unguja akiwa karibu kufa. Kwa kuwa hakuwa na faida tena sokoni, alizikwa akingali hai, katika kaburi lisilo na kina. Kijana mmoja akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa watawa, naye akapona. Lakini mama yake hakumwona tena.

Sasa twende Afrika ya Magharibi. Mwaka 1821 kijana wa Kiyoruba, jina lake Ajayi, alitekwa pamoja na mama yake na ndugu zake katika mji wao wa Osogun, wakatenganishwa. Baada ya kuuzwa huku na huku, akafika mahali alipomkuta mama yake tena, naye ni mateka vile vile. Kwa muda wa miezi kama 3 Ajayi alikata majani ya farasi, na mara kwa mara akamtembelea mama. Kisha jioni moja akafungwa kamba ghafula, na kulipokucha akachukuliwa, bila hata kuagana naye. Mwaka 1822 manowari ya Kiingereza ilimwokoa baharini. Huyo ndiye Samuel Ajayi Crowther, aliyewekwa wakfu mwaka 1864 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Alikutana na mama yake huko Abeokuta mwaka 1846, baada ya miaka 25. Mwaka 1848 mama huyo akabatizwa.

Wapenzi, ni rahisi kuihubiri habari ya Crowther, maana ina mwisho mwema. Je, tumwambie nini mzazi ambaye habari yake ni ya Swema? Tusimwambie kwamba mama yule alijisumbua bure. Hakumfungua mwanawe, ni kweli. Lakini kwa siku zile chache mtoto alijua kwamba hakutupwa, kwamba yuko mtu aliyeacha vyote akamfuata. Kamba zaweza kufunga mikono, wala haziwezi kuliondoa jambo hilo moyoni.

Hata leo wako wazazi wenye mtoto gerezani, au hospitalini katika ugonjwa usio na dawa. Wengine husema, “Niende kufanya nini, nami siwezi kumtoa?” Ndugu, nenda. Hukuitwa kumtoa tu. Waitwa kuwa pamoja naye. Na Mungu wetu mwenyewe alipotujia alichukua jina la Imanueli, yaani Mungu pamoja nasi, akaingia katika msafara wetu.

Na tuombe. Ee Baba, uwakumbuke wote waliotengwa na watoto wao. Utupe miguu ya kwenda, hata pale ambapo mikono yetu haina kitu. Amina.