Barua Ile Ile: Miaka Mia Mbili ya Kutapeliwa kwa Maandishi

Mama alikaa na siri yake miezi miwili. Tuligundua siku aliponiomba nimkopeshe ada ya shule ya binamu yangu kule Tanga, yeye ambaye sijawahi kumsikia akikopa hata nauli. Kumuuliza sana, ndiyo akatoa simu. Barua pepe yenye nembo ya idara ya serikali ilimwambia kibali chake cha makazi kina kasoro, alipe pauni 640 ndani ya saa 48, la sivyo hatua zitachukuliwa. Akalipa kwa benki, moja kwa moja.

"Mbona hukutuambia, Mama?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Mngenicheka."

Na ukweli ni kwamba tungemcheka. Sisi ndio tunaojua kompyuta, si ndiyo? Kwenye kipindi cha wiki hii tumeongea kuhusu barua pepe za kitapeli kana kwamba ni ugonjwa wa intaneti. Baada ya kurekodi nikaanza kusoma historia yake, na kumbe barua aliyopata Mama ilianza kuandikwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Tuanzie Ufaransa. Eugène-François Vidocq alikuwa mfungwa aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Mwaka 1836 alitoa kitabu kuhusu wezi na mbinu zao, na humo akaeleza barua zilizokuwa zikiandikwa na wafungwa wakiwa gerezani. Mwandishi hujifanya mtumishi wa tajiri aliyekimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Wakiwa njiani walitupa majini sanduku lenye dhahabu na almasi, sasa yeye kakwama, anahitaji kiasi kidogo tu cha pesa ili alifuate, kisha mgawane. Kwa hesabu ya Vidocq, katika barua 100, kama 20 zilijibiwa. Mmoja kati ya watano! Tapeli wa leo angefurahi sana kupata kiwango hicho.

Mwishoni mwa karne hiyo barua ikahamia Hispania. Safari hii ni mfungwa mwenye mali iliyofichwa, mara nyingi ana binti mzuri anayehitaji mlezi, na anamwandikia mtu wa Uingereza au Marekani. Mwaka 1898 gazeti la New York Times lilipoandika kuhusu utapeli huu, tayari ulihesabiwa kuwa wa zamani. Angalia sharti lake kuu: usimwambie mtu, maana siri ikitoka mfungwa atadhurika. Siri ndiyo injini ya barua yenyewe. Ukimwonyesha jirani, atakuambia acha ujinga, na biashara imeisha hapo.

Miaka ya 1980 uchumi wa Nigeria ulitikiswa na kushuka kwa bei ya mafuta, na barua ikapata anwani mpya. Ikaja kwa posta, kwa teleksi, kwa faksi, kisha kwa barua pepe. Jina la "419" limetokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Watu wengi huku wanadhani Wanigeria ndio walioibuni. Hapana. Waliirithi kutoka Ulaya, kama walivyorithi hiyo sheria.

Neno la Kiingereza tunalotumia leo kwa utapeli huu lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 ndani ya AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani. Wakati ule ulikuwa unalipia muda unaokaa mtandaoni, kwa hiyo akaunti ya mtu mwingine ilikuwa mali. Vijana walitumia programu iliyoitwa AOHell kuwatumia wateja ujumbe wakijifanya wafanyakazi wa kampuni: tunahakiki akaunti yako, tupe neno lako la siri. Walikuwa wakivua samaki, ila wakaandika kwa "ph" badala ya "f", kwa kuwaenzi wale waliokuwa wakichezea mitambo ya simu zamani. Ndipo barua ikabadilika kitu kimoja kikubwa. Mfungwa wa Hispania aligusa tamaa. Hawa waligusa utii. Hukuahidiwa chochote, uliagizwa tu na mtu anayeonekana ana mamlaka.

Na utii haumkwepi msomi. Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alipata barua pepe iliyojifanya imetoka Google ikimtaka abadili neno la siri haraka. Wasaidizi wake waliuliza mtaalamu wa kompyuta. Akajibu kwamba barua ni halali, na baadaye akasema alikusudia kuandika kwamba si halali. Ushauri wake mwingine ulikuwa sahihi, hata kiungo cha kweli cha Google aliwapa. Lakini kilichobonyezwa ni kile kilichokuwa kwenye barua ya wezi. Maelfu ya barua zake zikaishia hadharani.

Benki Kuu ya Bangladesh nayo ilianza kuingiliwa kwa barua pepe za mtu aliyejifanya anatafuta kazi. Februari 2016 wezi wakajaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja. Nyingi zilizuiwa, milioni 81 zikapotelea Ufilipino. Malipo mamoja ya milioni 20 yaliyokwenda Sri Lanka yalikwama kwa sababu wezi walikosea tahajia ya neno moja. Tusiitegemee bahati hiyo. Siku hizi akili mnemba inawaandikia Kiingereza safi kuliko cha meneja wangu.

Nyumbani Afrika Mashariki barua imefupishwa mpaka basi. M-Pesa ilianza Kenya 2007, Tanzania 2008, na haikuchukua muda tukapata ule ujumbe maarufu wa Bongo: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hakuna mfungwa, hakuna nembo. Tapeli anajua tu kwamba muda wowote kuna mtu aliyeahidi kumtumia mwenzake hela. Sisi wa ughaibuni, lini hatujaahidi?

Basi historia inatufundisha nini? Kwamba ukitafuta makosa ya tahajia unatafuta kitu kinachobadilika. Tafuta ambavyo havijabadilika miaka 200: haraka, siri, na njia ya kulipa au kubonyeza iliyoletwa na barua yenyewe. Ukiona viwili kati ya hivyo, simama. Usitumie kiungo wala namba iliyomo. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu humpi mtu yeyote, hata akijiita nani.

Kwa walio Uingereza, barua ya kutiliwa shaka ipeleke report@phishing.gov.uk, ujumbe wa simu upeleke 7726, na ukipiga 159 utaunganishwa na benki yako ikiwa imo kwenye mpango huo. Tangu Oktoba 2024, benki zinatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa kwa kuhamisha pesa ndani ya nchi, mpaka pauni 85,000, ingawa yapo masharti. Lakini ni lazima useme, na useme mapema.

Hapo ndipo lilipo deni letu sisi watoto. Yule mfungwa wa Hispania alilazimika kumwomba mtu anyamaze. Aliyemwandikia Mama hakuhitaji kuomba. Sisi tulishamfanyia kazi hiyo, kila tulipocheka mtu akiuliza "hii meseji ni ya kweli?"

Mama siku hizi ananitumia picha ya kila ujumbe anaoutilia shaka, wakati mwingine mitano kwa siku. Wiki iliyopita mmoja ulikuwa wa kweli kabisa, wa daktari wa meno. Nikamjibu, "Asante kwa kuuliza, Mama." Sikuweka hata emoji ya kucheka.