Mwaka wa Kufungwa Benki

Katika juma la kwanza la Januari 2018 nilikuwa nimesimama kando ya njia kuu ya Bagamoyo, hapa Tegeta, nikingoja gari la kwenda mjini. Malori ya saruji yalikuwa yakitoka Wazo kama ilivyo desturi ya kila asubuhi, na akina mama walikwisha panga mboga zao juu ya meza. Mama mmoja, jirani yangu, akaniita akasema, "Mwalimu, hebu njoo. Je, ni kweli benki zimefungwa? Mimi nimeweka shilingi milioni 2 za kununua mabati. Niende nikazitoe leo?" Nami, ijapokuwa nafundisha hesabu, sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nikamwomba anipe siku chache, nipate kuuliza na kusoma. Niliyoyapata nayaandika hapa, pamoja na yale yaliyofuata mwaka ule, kwani najua kwamba swali lake lilikuwa swali la watu wengi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania, ambayo Gavana wake wakati ule alikuwa Profesa Benno Ndulu, ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja. Majina yake ni haya: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Meru Community Bank, na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Mbili za kwanza zilikuwa na makao yao hapa Dar es Salaam. Tatu zilizosalia ziliwahudumia hasa wakulima na wananchi wa Njombe, Meru na Kagera. Sababu iliyotolewa ni moja: mtaji wao ulikuwa chini ya kima kilichotakiwa na sheria. Kwa benki ndogo za wananchi kima hicho kilikuwa shilingi bilioni 2, na muda wa kukitimiza ulikwisha mwishoni mwa Desemba 2017. Benki nyingine tatu zilipewa miezi sita tu, zijirekebishe au zifungwe.

Basi, mtaji ni kitu gani, hata benki ifungwe kwa kuukosa? Watu wengi hudhani kwamba benki ni sanduku kubwa, na kwamba fedha uliyoitia jana imelala humo ikikungojea. Sivyo. Benki huchukua amana za watu na kuzikopesha kwa wengine, nayo hupata faida katika ile riba. Tuseme benki ina shilingi 100: 10 ni za wenye benki wenyewe, na huo ndio mtaji, 90 ni amana za watu kama yule mama. Wakopaji wakishindwa kulipa shilingi 5, hasara huwaangukia wenye benki kwanza. Watabaki na 5, na amana za watu hazijaguswa. Lakini hasara ikifika 10, mtaji umekwisha. Shilingi ya kumi na moja ikipotea, ni ya mama wa mabati. Ndiyo maana Benki Kuu haingoji mpaka mtaji uishe kabisa. Mtaji ni ukuta uliosimama kati ya hasara na akiba ya mtu.

Na miaka ile ukuta ulipigwa na mvua nyingi. Katika mwaka 2017 mikopo isiyolipwa vema katika benki zetu ilipita 10 katika kila 100, hali Benki Kuu ilitaka isizidi 5. Tena, tangu mwaka 2016, fedha nyingi za mashirika ya umma zilitolewa katika benki za biashara na kupelekwa Benki Kuu kwa agizo la Serikali. Agizo hilo lilikuwa na maana yake, kwani Serikali ilikuwa ikiweka fedha benki kwa faida ndogo, kisha ikikopa kutoka benki zile zile kwa riba kubwa. Walakini benki zilizokuwa zimezoea kuegemea fedha hizo zilijiona zimeondolewa nguzo. Mfanya biashara aliyekwenda kuomba mkopo alirudi mikono mitupu, na aliyekwisha kukopa aliona wateja wake wakipungua.

Wala jambo la benki kuanguka halikuanza mwaka ule. Mwezi wa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilizitwaa benki zote za kigeni, na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 Benki ya Taifa ya Biashara ilikuwa kama mti mmoja unaotia kivuli nchi nzima. Lakini ilikopesha mashirika yasiyoweza kulipa, hata ikadhoofika, ikaja kugawanywa mwaka 1997. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki za watu binafsi, na miaka minne tu baadaye, mwaka 1995, benki ya Meridien BIAO, iliyokuwa na matawi katika nchi nyingi za Afrika, ilianguka. Kwa hiyo waliokuwa watu wazima wakati ule waliposikia habari za Januari 2018 hawakushangaa sana; waliuliza tu ni zamu ya nani.

Mwaka ukaendelea. Mwezi wa Mei benki ya Twiga Bancorp, iliyokuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu tangu Oktoba 2016, iliunganishwa na Benki ya Posta, na baadaye Benki ya Wanawake nayo ikaunganishwa vivyo hivyo. Hata ilipofika tarehe 2 Agosti, Benki Kuu ikashika usimamizi wa Bank M. Hii haikuwa benki ya wakulima. Ilikuwa benki ya makampuni na wafanya biashara wakubwa. Ugonjwa wake nao ulitajwa kwa jina lingine: ukwasi. Maana yake, fedha taslimu za kuwalipa wanaodai leo hazikutosha. Mtu aweza kuwa na mashamba na nyumba, naye asiwe na senti mfukoni siku anapodaiwa. Benki nayo ni vivyo hivyo. Waliokuwa na fedha humo walizuiwa kuzitoa, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa, mpaka Januari 2019 mali na madeni yake yalipohamishiwa Azania Bank.

Ugonjwa huu wa pili huletwa upesi zaidi na hofu. Majirani zetu wa Kenya waliuona mwezi wa Aprili 2016. Habari za mikopo iliyopewa wakubwa wa Chase Bank zilienea katika simu za watu, watu wakakimbilia kutoa fedha zao, na tarehe 7 benki ikafungwa milango, ijapokuwa kabla ya mwezi kwisha ilifunguliwa tena chini ya uangalizi wa benki nyingine.

Sasa narudi kwa waliokuwa na amana katika zile benki tano. Je, walipotewa na vyote? La. Iko Bodi ya Bima ya Amana, ambayo benki zote huichangia. Nayo ndiyo iliyowekwa kuwa mfilisi. Wakati ule kila mwenye amana aliahidiwa kulipwa kwa bima hiyo mpaka shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimpasa kungoja mali ya benki iuzwe na madeni yakusanywe, kisha apate fungu lake kwa kadiri ya kilichopatikana. Mwaka 2023 kima hicho kiliongezwa kuwa shilingi 7,500,000.

Nilimweleza yule mama mambo haya nikiwa nimeketi kwenye benchi lake. Benki yake haikuwa mojawapo ya zile tano. Nilimwonyesha kwamba, kama ingekuwemo, milioni 1 na nusu zingalirudi kwa bima, na laki 5 zingalingoja. Akanyamaza kidogo, akasema, "Laki 5 ni bati ngapi, Mwalimu?" Sikucheka, maana ndiyo hesabu yenyewe. Twasema akiba haiozi, na ni kweli; lakini ghala laweza kuoza, na mwenye akiba amepewa macho ya kulitazama.

Hakwenda kuzitoa fedha zake siku ile. Kila robo ya mwaka benki hutakiwa kuchapisha hesabu zake magazetini, na wengi wetu gazeti lile hulifungia maandazi. Mama akanunua moja. Tukatafuta mistari miwili tu: mtaji ni kiasi gani, na mikopo isiyolipwa ni kiasi gani. Mwezi wa Aprili akaniita tena kando ya njia, na gazeti jipya lilikuwa limekunjwa chini ya mchicha, likiningoja.