Mitambo ya Kuhariri Filamu, na Jinsi ya Kuchagua Tarakilishi

Msomaji mpenzi, huenda siku moja shule yako ikaazimia kutengeneza filamu kwa ajili ya tamasha, au wewe mwenyewe ukamwomba mzazi akununulie tarakilishi ya kuhariri video. Fedha hizo zitakuwa zimepatikana kwa jasho, nawe utaulizwa swali moja: Mashine ipi itatosha? Dukani utasifiwa ile iliyo ghali kuliko zote. Ukishtuka kwa bei, utasifiwa ile iliyo rahisi kuliko zote. Kabla hujajibu, yafaa ujue kwamba swali hilo si geni. Wahariri wamelikabili kwa miaka mingi, na historia yao ina mafunzo.

Hapo mwanzo, filamu ilikuwa ukanda wenye picha ndogo ndogo zinazofuatana. Mhariri alikata kwa mkasi na kuunganisha kwa gundi. Mwaka 1924, Iwan Serrurier, mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia Marekani, alianza kuwauzia wahariri mtambo uitwao Moviola, uliowawezesha kutazama picha zikitembea huku wakichagua mahali pa kukata. Lakini zingatia jambo moja. Mhariri hakuukata ukanda wa asili uliotoka katika kamera. Aliikata nakala yake, na ule wa asili ukahifadhiwa salama mpaka maamuzi yote yalipokwisha; ndipo ulipokatwa kwa kuifuata nakala. Desturi hiyo usiisahau.

Mwaka 1956, kampuni ya Ampex ilionyesha mjini Chicago mtambo wa kunasa picha za televisheni katika kanda ya sumaku yenye upana wa inchi 2. Bei yake ilikuwa dola 50,000. Picha katika kanda hiyo hazikuonekana kwa macho. Kwa hiyo mafundi waliipaka majimaji yenye chembe za chuma ili alama zijitokeze, wakazitazama kwa hadubini, kisha wakakata kwa wembe. Kosa dogo liliharibu kazi ya siku nzima.

Mwaka 1971 ulikuja mtambo uitwao CMX 600, uliotokana na ushirika wa makampuni ya CBS na Memorex. Huu ulitumia tarakilishi, na picha zake zilikaa katika diski zilizoendeshwa na mashine kubwa mfano wa mashine za kufulia nguo. Ijapokuwa bei yake ilifikia kiasi cha robo milioni ya dola, haukuweza kubeba picha kamili. Ulionyesha picha hafifu, nyeusi na nyeupe. Je, mhariri alishindwa kazi? La. Alifanya maamuzi yake kwa picha hizo hafifu, kisha kanda za asili zikaunganishwa kwa kufuata orodha ya maamuzi hayo. Umeona, basi, desturi ya wenye mikasi ikirudi kwa umbo jipya.

Mwaka 1989 ulitokea mtambo wa Avid, uliotumia tarakilishi ya Macintosh. Mwaka 1991 ilitolewa programu ya Adobe Premiere, ambayo wakati huo picha yake haikuzidi pikseli 160 kwa 120, kipande kidogo tu cha kioo cha mashine. Walakini mwendo ulikuwa umeanza. Walter Murch alitumia Avid kuihariri filamu ya The English Patient ya mwaka 1996, naye akapata tuzo ya Oscar ya uhariri. Miaka michache baadaye aliihariri Cold Mountain, iliyotoka mwaka 2003, kwa programu ya Final Cut Pro katika mashine za Power Mac G4, ambazo mtu yeyote mwenye fedha angeweza kuzinunua dukani. Picha alizozishughulikia zilikuwa nakala. Filamu ya asili ilikuwa imehifadhiwa.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu huwezi kuchagua. Picha moja ya video ya kawaida siku hizi ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2. Hiyo ni mara 108 ya ile ya mwaka 1991. Kila pikseli ikihitaji baiti 3, na picha 25 zikipita kila sekunde, utapata baiti milioni 155 kwa sekunde moja, na gigabaiti zipatazo 560 kwa saa. Video ya 4K huzidisha hesabu hiyo mara 4.

Kwa sababu ya uzito huo, kamera huzibana picha. Aghalabu huhifadhi picha chache zilizo kamili, na baina yake huandika mabadiliko tu. Faili huwa ndogo, lakini mhariri akitaka picha moja ya katikati, hapana budi prosesa iziunde upya picha nyingine kwanza. Ndiyo maana faili ndogo yaweza kuitesa mashine kuliko faili kubwa, na wengi hushangaa kuona video ya simu ikikwama katika tarakilishi iliyo mpya.

Watu wa kale walisema kwamba kamba hukatika pabovu. Prosesa yenye nguvu haifai kitu ikiwa kumbukumbu ni haba, wala kadi nzuri ya michoro haiponyi diski iliyo nzito. Kwa video ya kawaida, kumbukumbu ya gigabaiti 16 hutosha. Kwa 4K, 32 ni bora. Programu na kazi inayoendelea viwekwe katika diski ya kielektroniki isiyozunguka. Diski ya kuzunguka, iliyo nafuu, itunze akiba. Kadi ya michoro husaidia katika rangi na madoido. Tena, kabla ya kulipa, chukua faili kutoka katika kamera utakayoitumia, uijaribu dukani: ikate, iunganishe, uicheze. Jaribio hilo litakuambia mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Na kama fedha hazitoshi, kumbuka desturi ya wazee wa kazi. Programu nyingi za leo zaweza kutengeneza nakala nyepesi za video yako. Hariri hizo, kisha mwishoni programu itarudi kwenye faili za asili. Mashine ya wastani itaifanya kazi, ingawa itachukua muda mrefu zaidi kutoa filamu iliyokamilika.

Hapa kwetu Kenya, filamu za Riverwood, zilizopewa jina kutokana na barabara ya River Road mjini Nairobi, zilitengenezwa kwa vifaa vya bei nafuu, nazo zikapata watazamaji. Mchagua jembe si mkulima. Basi, msomaji, ipime kazi kwanza, ndipo uipime mashine. Na fedha ya mzazi wako usiitumie kununua nguvu usizozihitaji.