Albamu Ipi ya Yes Ikae Juu?

Wakusanye mashabiki watatu wa bendi ya Yes, uwaombe wapange albamu zake kuanzia ile bora kabisa hadi hafifu, na ubishi hautaanzia juu. Nafasi ya kwanza ina mwenyewe tangu zamani: Close to the Edge ya mwaka 1972. Mkiani nako hakuna kelele nyingi; huko hukutana Union ya 1991, Open Your Eyes ya 1997 na Heaven & Earth ya 2014. Moto huwaka katikati, na wanaouchochea ni wawili, Tales from Topographic Oceans na Drama. Ukishajua mtu anaziweka wapi hizo mbili, umeshajua kwake Yes ni nini.

Bendi hiyo ilizaliwa London mwaka 1968, baada ya mwimbaji Jon Anderson kukutana na mpiga besi Chris Squire katika mtaa wa Soho. Walipenda kuimba kwa sauti zilizopangwa, na walitaka roki itanuke: nyimbo ndefu, midundo inayobadilika katikati ya safari, vinanda vyenye harufu ya muziki wa kanisani na wa okestra. Roki ya namna hiyo ndiyo inayoitwa ya progresivu. Kufikia 1971 Steve Howe alikuwa kwenye gitaa, Rick Wakeman kwenye vinanda na Bill Bruford kwenye ngoma. Kikosi hicho kilitoa Fragile, albamu ya kwanza ya Yes kuvalishwa jalada lililochorwa na Roger Dean. Kisha kikaingia studio ya Advision kutengeneza Close to the Edge, ile ambayo wengi hawakubali ishushwe.

Santuri ya enzi hizo ilibeba takriban dakika 20 kila upande. Yes waliujaza upande mzima wa kwanza kwa wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 18, na upande wa pili wakaweka nyimbo mbili tu. Wimbo huo mrefu haukupigwa kwa mkupuo mmoja. Walirekodi kipande leo, kipande kesho, kisha fundi na mtayarishaji wao Eddie Offord akawa anakata kanda na kuziunga. Bruford amesimulia kwamba kuna siku mfanya usafi alitupa kanda iliyokuwa ikihitajika, ikabidi wakaitafute kwenye mapipa ya taka. Sauti ya kinanda kikubwa inayopasuka katikati ya wimbo ilirekodiwa katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate, London. Pamoja na viraka vyote hivyo, ukiusikiliza leo huoni mshono. Nafasi ya kwanza ni haki yake.

Kazi ilipokwisha Bruford aliaga, akajiunga na King Crimson. Alan White alipata siku tatu tu za kujifunza nyimbo kabla ya ziara kuanza.

Ndipo ikaja Tales. Machi 1973, bendi ikiwa Tokyo, Anderson alikuwa akisoma kitabu cha maisha ya Paramahansa Yogananda, na tanbihi moja ndefu kuhusu maandiko ya Kihindu ikamkaa kichwani. Kutokana na tanbihi hiyo yeye na Howe walijenga albamu ya santuri mbili: pande nne, nyimbo nne, dakika zaidi ya 80. Anderson alitamani wakarekodi msituni. Badala yake waliishia studio ya Morgan, London, nayo ikapambwa marobota ya nyasi kavu na sanamu za ng'ombe ili ifanane na shamba.

Albamu ilishika namba moja Uingereza, lakini wakosoaji wengi waliishambulia kwa urefu wake na kwa mafumbo ya maneno yake. Wakeman mwenyewe hakuipenda. Alisema nyenzo zilizokuwapo zilizidi santuri moja lakini hazikutosha mbili, hivyo nafasi iliyobaki ikajazwa kwa kurefusha. Katika onyesho moja Manchester aliletewa mchuzi wa viungo jukwaani, akala wenzake wakiendelea kupiga. Mwaka 1974 akaondoka.

Miaka 50 baadaye mashabiki bado wamegawanyika katika pande hizo hizo. Wapo wanaoitupa chini ya albamu kama Tormato, na wapo wanaoipandisha hadi nafasi ya pili wakisema hapo ndipo bendi iliposhika imani yake bila kuogopa soko. Wakeman ana hoja: upande wa pili unajikokota. Lakini upande wa kwanza na wa nne ni miongoni mwa muziki mzuri kuliko wote ambao bendi hii imewahi kupiga. Anayeishusha albamu nzima kwa sababu ya urefu anajinyima dakika 40 za thamani.

Relayer ya 1974, akiwapo Mswisi Patrick Moraz kwenye vinanda, na Going for the One ya 1977, Wakeman aliporudi, hazina ugomvi mkubwa. Kwa wengi hukaa ndani ya sita bora. Ya pili ilirekodiwa Montreux, Uswisi. Wakeman alipiga kinanda cha kanisa la St Martin mjini Vevey, na sauti ikasafirishwa hadi studio kwa nyaya za simu.

Drama ilizaliwa kutokana na mparaganyiko. Mwishoni mwa 1979 vikao vya kurekodi Paris vilivunjika, Anderson na Wakeman wakajitoa. Waliobaki waliwachukua Trevor Horn na Geoff Downes, vijana wawili wa kundi la Buggles waliokuwa wametoka kushika namba moja Uingereza kwa wimbo mwepesi kuhusu redio na video. Kwa mashabiki wengi Yes bila sauti ya Anderson lilikuwa jambo lisilowezekana. Horn alilazimika kuimba usiku baada ya usiku nyimbo zilizotungwa kwa sauti ya juu kuliko yake, na Uingereza alizomewa. Ziara ilipokwisha, bendi ikasambaratika.

Muziki wenyewe ulikuwa mkali: besi ya Squire imesogezwa mbele, gitaa la Howe lina hasira, na ngoma za White zinasukuma kila kitu. Kadiri miaka ilivyopita, chuki ya kumkosa Anderson ilipungua, na Drama ikaanza kupanda. Leo si ajabu kuiona ndani ya saba bora, mara nyingi juu ya 90125 ya 1983. Hiyo 90125 ndiyo albamu ya Yes iliyouzwa kuliko zote, Horn akiwa mtayarishaji na Trevor Rabin wa Johannesburg kwenye gitaa, na wimbo wake mmoja ulishika namba moja Marekani Januari 1984. Aliyeijua Yes kupitia redio mwaka huo huipandisha. Aliyenunua Fragile dukani mwaka 1971 huishusha. Wote wawili wanalinda mlango walioingilia.

Bendi yenyewe ilikuja kulisikia vuguvugu hilo. Squire alifariki Juni 2015. Mwaka uliofuata Yes walizunguka Marekani wakipiga Drama yote, pamoja na upande wa kwanza na wa nne wa Tales. Albamu mbili zilizowahi kuhesabiwa doa zikawa ndizo zinazouza tiketi.

Hata mashabiki wenyewe walishapanda jukwaani. Mwaka 2008, Anderson alipougua, Squire alimwona kwenye video Benoît David wa Kanada, aliyekuwa akiimba katika kundi la kuiga nyimbo za Yes, akamwita. Jon Davison, aliyempokea mwaka 2012, naye aliwahi kuimba katika kundi kama hilo. Ni Davison anayeimba Mirror to the Sky ya 2023, iliyotayarishwa na Howe. Haina mwanzilishi hata mmoja ndani yake, na wimbo unaobeba jina la albamu unakaribia dakika 14. Wanaosema Yes ni Anderson na Squire hawaipi nafasi kabisa; wengine wameshaipandisha juu ya Heaven & Earth, na wachache wanaitaka juu ya Big Generator.