Ua la Majabali ya Uluguru

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake kwao Ujerumani mbegu za kijimmea chenye maua ya urujuani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakiita Saintpaulia. Leo vizazi vyake vimejaa madirishani kote Ulaya na Marekani, na jina la milima ya Usambara, kinakoota porini, limevuma navyo.

Milima ya Uluguru nayo ina ndugu za mmea huo, ingawa husahaulika.

Mwaka 1898 Walter Goetze alipanda milima hiyo, juu ya Morogoro, akikusanya mimea. Hakuuona mwisho wa safari: alifariki Desemba 1899, kijana bado. Mwaka 1900 mtaalamu wa mimea Adolf Engler wa Berlin akauita mmoja wa mimea hiyo Saintpaulia goetzeana, kwa heshima ya marehemu.

Usiutafute mmea huu juani. Hung'ang'ania jabali lenye ukungu na unyevu, kivulini mwa msitu. Majani yake ya duara, madogo, yana malaika laini, na maua yake ni ya zambarau iliyofifia. Miti ikikatwa, jua hulifikia jabali, unyevu hukauka, na mmea hufa papo hapo ulipoota. Msitu huohuo ndio unaoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.