Nyumba ya Vijiti vya Kibiriti

Mtoto wa pwani huanza kujenga kabla hajajua kusoma. Mvua ikikatika, utawaona watoto wa Diani na Msambweni wamechutama, wakisimamisha kuta za mchanga mbichi, wakichomeka vijiti viwe nguzo na kuezeka kwa majani. Mzazi apitapo huona mchezo tu, na pengine huwakemea kwa kuchafua nguo. Lakini mchezo ule ni mwanzo wa elimu kongwe, nayo ndiyo tutakayoizungumza hapa: elimu ya kulifahamu jengo kwa kuliunda dogo kwa mikono yako mwenyewe.

Wasanifu wa majengo hukiita kijumba cha namna hiyo mfano. Hukiunda kabla ya kuchimba msingi, wapate kujua mapema kama paa litakaa, kama mwanga utaingia, na kama mtu mwenye mzigo kichwani ataweza kupita mlangoni. Kosa likionekana katika mfano, huondolewa kijiti kimoja kikawekwa kingine. Likionekana baada ya nyumba kusimama, hubomolewa ukuta, na mara nyingine hufa watu.

Mwaka 1418 mji wa Florence, nchini Italia, ulikuwa na kanisa kubwa ambalo halijapata kuba. Nafasi iliyoachwa wazi juu yake ilikuwa na upana wa zaidi ya mita 40, na mafundi hawakujua wataifunikaje, kwa maana desturi ya siku zile ilikuwa kwanza kujenga jukwaa kubwa la miti ya kulitegemeza jengo hata likauke, na miti ya kiasi hicho ilikuwa shida kupatikana. Wakuu wa mji wakatangaza shindano, wakataka kila mshindani alete mfano. Filippo Brunelleschi, ambaye alikuwa amejifunza ufuaji wa dhahabu, akaleta mfano wa matofali uliojengwa bila ya jukwaa la kuutegemeza. Kazi ilianza mwaka 1420. Kuba ikakamilika mwaka 1436, nayo ingali imesimama. Husimuliwa pia kwamba waashi waliposhindwa kuelewa jinsi jiwe fulani lilivyotakiwa kukatwa, Brunelleschi alitwaa mboga ya mizizi, namna ya figili kubwa, akawachongea umbo lake kwa kisu. Mtoto wa Kwale anao muhogo, nao kwa kazi hiyo nadhani wafaa zaidi.

Ilichukua muda mrefu kabla ya walimu kufikiri kwamba jambo lililowafaa waashi lingewafaa na watoto. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa wanafunzi wake vipande vya mti vya mraba na vya pembe tatu wavipange na kuvipangua. Mwaka 1876 vifaa vya Froebel vilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, nchini Marekani, na mama mmoja akavinunua kwa ajili ya mwanawe. Mtoto huyo alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa msanifu mashuhuri kupita wote wa nchi yake. Na hata uzeeni alisema kwamba vile vipande vya mti vilibaki vidoleni mwake.

Kwetu elimu ya mkono ilikuwako tangu kale, ingawa haikuandikiwa vitabu. Fundi wa jahazi hakuchora karatasi. Alikuwa na jicho lake, kamba yake na tezo yake, na mwanafunzi wake alijifunza kwa kushika. Hata mwashi wa nyumba za mawe alijifunza hivyo. Tazama nyumba za kale za Lamu, au za mji wa kale wa Mombasa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kana kwamba mwenye nyumba alitaka ushoroba wa kulalia. Wageni wengi wameliona jambo hilo, na wengine wakadhani ni mapenzi tu ya watu wa pwani.

Basi, msomaji, fanya jaribio. Kusanya vijiti vya kibiriti vilivyokwisha kutumika, finyanga kuta mbili za udongo, kisha uzilaze juu yake dari kwa vijiti hivyo. Ukikadiria kwamba kila kitu umekipunguza mara 60, kijiti kimoja, ambacho kina urefu wa sentimita 4 na kidogo, kitakuwa sawa na boriti ya mita 2 na nusu, na mtu mzima atakuwa na kimo kisichofika sentimita 3. Sasa jaribu kukipanua chumba. Vijiti havifiki ukuta wa pili. Utatafuta kijiti kirefu zaidi katika kisanduku, wala hutakipata. Ndivyo alivyokuwa mwashi wa Lamu: boriti zake zilikatwa mikokoni, na boriti ya mkoko iliyonyoka na yenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa kwa kawaida haikuvuka mita 3. Alikuwa huru kukirefusha chumba kama apendavyo, maana ni kazi ya kuongeza boriti nyingine kando ya ile ya kwanza. Lakini upana alikwisha kupewa na mti. Jambo hili laweza kuelezwa darasani kwa saa nzima likasahauliwa jioni. Aliyekosa kijiti kirefu halisahau.

Jaribu pia nyumba ya makuti. Hapa hapana budi kujua majina, kwani huwezi kumwomba mwenzako akupe kitu usichojua kukitaja. Mti ulalao juu ya ukuta ni mtambaapanya, na jina lake ladhihirisha ni nani aliyeufaidi zaidi usiku. Mti wa juu kabisa, uti wa mgongo wa paa, ni mwamba. Miti itelemkayo kutoka mwamba hata ukutani ni makombamoyo, na juu yake hufungwa fito za kushikia makuti. Pande kubwa za paa, ya mbele na ya nyuma, ni vipaa. Zile ndogo za ubavuni ni visusi. Mabati yalipoenea, maneno haya yakaanza kuondoka vinywani mwa watu, na leo waweza kumkuta kijana wa Ukunda aliyezaliwa chini ya makuti asiyejua lipi ni lipi. Mimi sioni kamusi itakayoyarudisha. Lakini watoto watatu wakiunda nyumba moja juu ya kipande cha ubao, mmoja akashika mwamba na mwingine akifunga kombamoyo, watayahitaji maneno hayo mara 20 kwa saa moja.

Sasa tutoke ufuoni tupande nyika hata Mackinnon Road, mji mdogo ulio kati ya Mombasa na Voi. Hapa hapana mikoko wala minazi. Pana jua, miiba na uhaba wa maji. Jina la mahali latokana na njia ya mikokoteni ya ng'ombe iliyoanzishwa mwaka 1890 na kampuni ya William Mackinnon, aliyekufa mwaka 1893 kabla njia haijafika mwisho wake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo, na stesheni ikachukua jina la njia. Mtu asiyepakumbuka ila kwa kupita na basi atasema hapana cha kuunda. Mwalimu mwenye akili ataona darasa zima.

Aanze na reli. Upana kati ya vyuma vya reli ile ya zamani ni mita 1 kamili. Kwa hiyo watoto wakiupunguza mji wao mara 100, nyaya mbili zilizoachana kwa sentimita 1 zitakuwa reli, na kila kitu kingine kitapimwa kwa hizo. Kisha wawekewe nyumba ya zamani ya Wamijikenda, iliyofunikwa nyasi kutoka juu karibu hata chini, wapate kuuliza kwa nini haina madirisha, na wajijibu kwa kuiacha juani adhuhuri na kutia mkono ndani. Kando ya reli waweke msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, anayesimuliwa kuwa mmoja wa waliokuja kutoka Bara Hindi kuijenga njia ile. Yasemekana kwamba karai lake la mzigo halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu yake, na hata leo wasafiri husimama hapo kuomba dua. Msikiti wowote hauwezi kuwekwa kwa kufuata reli tu. Mtoto itampasa kwanza atafute kaskazini, kwa maana kwa mtu aliye hapo Makka iko karibu kaskazini kabisa.

Yabaki jengo moja, nalo ndilo gumu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiona India imekwisha kupata uhuru na Palestina haikaliki tena, iliamua kujenga hapo ghala kubwa la jeshi. Mpango ule mkubwa uliachwa miaka michache tu baadaye. Kisha, katika msako wa Nairobi ulioitwa Anvil, ulioanza Aprili 24, 1954, watu kwa maelfu walikamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, nao wengi wakapelekwa kwa gari moshi kuwekwa kizuizini Manyani na Mackinnon Road.

Wako walimu watakaosema kwamba kambi kama ile si kazi ya kumpa mtoto. Mimi naona kwamba yafaa kupewa walio sekondari, kwani hapo ndipo mtu ajifunzapo kwamba jengo laweza kutumikia kusudi jingine lisilo lile la kwanza, na kwamba ukuta hauulizi unamlinda nani wala unamzuia nani. Mwanafunzi akiunda kambi ya namna hiyo, atanyoosha seng'enge kwa uzi, atasimamisha mnara wa mlinzi, na itambidi aamue usimame wapi ili pasiwe na pembe isiyoonekana. Akimaliza, ainame hata jicho lake liwe juani pamoja na mlinzi, atazame chini. Kisha ashushe kichwa, aliweke jicho usawa wa mlango wa bweni, atazame juu.