Kuondoa lami na gundi ndani ya gari la mbio: Hatua na hatari zake

MBIO za Safari Rally ziliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002, njia za Kedong, Soysambu na Elmenteita zilidhihirisha tena jinsi Bonde la Ufa linavyoyatesa magari. Gari linalotarajiwa kuhimili njia hizo sharti livuliwe kwanza ndipo lijengwe. Miongoni mwa vitu vinavyotolewa ni tabaka la kuzuia kelele, yaani mabamba ya lami yanayobandikwa sakafuni kiwandani, pamoja na sponji na gundi zilizo chini ya kapeti.

Wengi hudhani lengo ni kupunguza uzani tu. Faida hiyo ipo, lakini ina mpaka: gari la daraja la Rally2, kwa mfano, sharti lifikishe kilo 1,230. Faida kubwa zaidi ni kuyaanika mabati. Kutu na nyufa hujificha chini ya lami, na vyuma vya kumkinga dereva gari linapobingirika haviwezi kuchomelewa imara juu ya mabati yenye gundi. Isitoshe, lami iliyo karibu na moto wa kuchomelea huweza kuwaka.

Matayarisho

Soma kwanza kanuni za daraja lako. Kisha tenganisha betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa viti na dashibodi, kwa kuwa mifuko ya hewa ya usalama huhifadhi umeme kwa muda. Toa viti, kapeti na nyaya, na uchunguze mahali paipu za mafuta na breki zinapopita chini ya sakafu.

Barafu kavu

Hii ni kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sufuri. Nchini Kenya gesi hiyo hupatikana hata ardhini. Kampuni ya Carbacid huivuna Kereita, Kaunti ya Kiambu. Vipande hutandazwa juu ya lami kwa takriban dakika 15. Lami hukakamaa, nayo ikigongwa kwa nyundo huvunjika na kubanduka kama magamba. Penye mwinamo, ambapo barafu haikai, lami hulainishwa kwa kifaa cha kupuliza hewa moto na kukwaruliwa.

Hatari yake haionekani. Kilo moja ya barafu hiyo hutoa zaidi ya nusu mita ya ujazo ya gesi, hivyo kilo kumi zinatosha kulijaza gari zima. Gesi hiyo haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na hutulia sakafuni pale pale fundi anapoinama. Kazi ifanyiwe nje, milango yote ikiwa wazi, na gari lisiwekwe juu ya shimo la gereji lenye mtu ndani. Glavu nene na miwani ni lazima.

Gundi

Hapa ndipo mafundi hujiponza kwa petroli. Mvuke wake huweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, na cheche ya swichi inatosha kuuwasha. Afadhali tapentaini ya madini au mafuta taa, ambayo kwa kawaida huhitaji joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake. Hata hivyo, usitumie hewa moto wala kuchomelea kabla mabati hayajaoshwa kwa sabuni na kukauka. Usiiondoe gundi ngumu ya kwenye maungio. Hiyo huzuia maji.

Kumalizia

Mabati yaliyo wazi hushika kutu upesi, hasa karibu na maji ya magadi kama ya Elmenteita. Yapakwe praima na rangi bila kukawia. Vizibo vya mpira vya sakafuni virudishwe vyote, kwani kila tundu ni mlango wa vumbi. Kinga ya joto kati ya injini na dereva ibaki mahali pake.

Kwa gari la safari za kila siku kati ya Nakuru na Nairobi, tabaka hilo liachwe. Likiondolewa, mwenye gari huambulia joto na kelele, wala hapati ushindi wowote.